Mjaluo Asiyekula Samaki

Kundi la WhatsApp la mtaa wetu lilianzishwa kwa ajili ya kupeana taarifa maji yakikatika. Maji ya Igoma yana mazoea yake, na kutangaza kila yanapokatika ni sawa na kutangaza kwamba jua limezama, kwa hiyo baada ya muda kundi likajitafutia kazi nyingine. Likawa la misiba, mafuta ya kuotesha nywele, maombi ya Jumatano, na elimu. Elimu ndiyo iliyomtia Orwa Okech matatani.

Elimu yenyewe ilikuja asubuhi moja, ikiwa imeshasambazwa na watu wengi kiasi kwamba hakuna aliyejua ilianzia wapi. Ilisema wataalamu wa Ulaya wamegundua kuwa watu wanaopenda vyakula vichungu wana roho ngumu, hawapendi wenzao, hawana huruma na huficha mambo. Wapenda vitamu ni wachangamfu. Wapenda pilipili hawakai na mke mmoja. Mwishoni iliuliza: "Je, jirani yako anakula nini? Mtumie umpendaye."

Inawezekana utafiti wa namna hiyo upo. Utafiti wa kila namna upo. Wataalamu wamewahi kupima tabia ya mtu kwa umbo la fuvu, kwa mwandiko, kwa madoa ya wino, na kila walipopima walikuta walichokuwa wanakitafuta. Sisi wa Igoma hatukuwahi kuhitaji madoa ya wino. Mtu tulimpima kwa sahani yake, na kipimo kilikuwa rahisi kwa sababu majibu tuliyajua tangu zamani: Mhaya ni ndizi, Msukuma ni mlima wa ugali, Mjaluo ni samaki, hasa kichwa. Anayekula kama kabila lake ni mtu wa kawaida hata kama ni mwizi. Anayekula vinginevyo ana jambo.

Sasa Orwa alikuwa Mjaluo wa Shirati, baba na mama, na samaki alikuwa hali. Alikula ugali wa mtama na majani ya mgagani yasiyotiwa hata tone la maziwa, machungu kama dawa ya malaria, akashushia na chai ya rangi isiyo na sukari. Na alikula peke yake, kwenye karakana yake, mlango ukiwa umerudishwa. Ujumbe ulipofika kwenye simu, hakuna aliyetaja jina. Mtu mmoja aliweka tu alama ya macho mawili yanayotazama pembeni. Wengine wakaweka za kwao. Mpaka mchana kundi zima lilikuwa ni macho.

Orwa hakuona kitu. Simu yake ilikuwa ya vitufe.

Kazi yake ilikuwa kusuka mota. Mota za mashine za kusaga, za pampu za bustani, za majokofu ya wenye bucha, zikiungua zililetwa kwake zikinuka, naye alizifungua, akatoa waya ulioungua, akasuka waya mpya wa shaba mzunguko kwa mzunguko. Ni kazi ya kuhesabu. Ukikosea mizunguko, mota inakuwa na nguvu za kuudhi tu. Kwa hiyo mtu aliyepita na kusema "Fundi, za asubuhi?" alimfanya Orwa achague kati ya adabu na kazi. Kwa miaka mingi alichagua kazi, huku akiinua nyusi kidogo, na nyusi hazisikiki barabarani.

Sababu ya kutokula samaki ilijadiliwa sana. Kuna waliosema ni mwiko wa ukoo. Kuna waliosema ni Msabato, mpaka Msabato wa kweli wa mtaa alipoeleza kwamba kanisa lao linakataza kambare kwa kuwa hana magamba, na sato ana magamba ya kumtosha. Maelezo yaliyopendwa zaidi yalikuwa kwamba ni sharti la mganga, kwa sababu yalifafanua mambo mawili kwa mpigo: kwa nini hali samaki, na anawezaje kufufua mota zilizokufa kabisa.

Ukweli ulikuwa mfupi mno kushindana na hayo. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha samaki ufukweni, akitoa minofu ya sangara. Alisimama ndani ya gambuti kwenye sakafu ya maji baridi, kisu mkononi, samaki wakimjia kwenye mkanda bila kukoma, mwaka baada ya mwaka, mpaka kiwanda kilipopunguza watu. Wenzake walilia. Yeye alikwenda nyumbani akalala. Tangu hapo samaki kwake hakuwa chakula, alikuwa zamu. Na kuhusu watu, hakuwachukia. Alichoka nao mapema kuliko wengine wanavyochoka, basi.

Mkewe Janet alilijua hilo na alikuwa ameacha kulieleza. Aliuza mitumba Mabatini, siku nzima akisifia mashati kwa watu wasionunua, na akirudi hakuwa na sauti ya kumtetea mtu. Binti yao Favour ndiye aliyekuwa akimpelekea baba chakula karakana. Aliweka bakuli juu ya benchi, akafunika, akatoka bila neno. Katika dunia nzima, huyo ndiye mtu ambaye Orwa hakuwahi kuchoka naye.

Kisha Favour akapata mchumba.

Kijana aliitwa Kashindye, Msukuma wa Usagara, muuzaji wa dawa za mifugo, mpole, mwenye kucheka kabla ya kuelewa. Hapakuwa na neno baya juu yake. Lakini ukoo hauozeshi kijana wake bila kuuliza anakooa. Hutumwa mtu, kimyakimya, akaulizie kwa majirani kama nyumba ile ina wazimu, kifafa, wizi, au uchawi. Hiyo ni kazi ya heshima na hufanywa vizuri zaidi na mwanamke mwenye njaa. Ukoo wa Kashindye ulimtuma mama yake mdogo, Modesta, naye alishuka Igoma na kwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha chakula cha Odeta.

Odeta alikuwa jirani wa Orwa, ukuta kwa ukuta. Alikuwa mwema. Hilo lazima lisemwe kwanza, maana yaliyofuata yote aliyafanya kwa wema. Alipika vizuri, aligawa kwa mkono uliolegea, na kila mteja alimpa chakula cha kabila lake kabla mteja hajafungua mdomo.

"Nasikia kuna binti hapa," Modesta alisema, akiwa katikati ya wali. "Wa yule fundi mota."

"Favour? Mtoto mzuri huyo! Shikamoo yake unaisikia kabla hujamwona."

"Na mama yake?"

"Mama Favour hana neno. Amechoka tu, maskini."

"Na baba?"

"Baba naye mtu mzuri." Hapo Odeta angeweza kunyamaza. Hata aligeuka kuchochea moto. Kisha akageuka tena. "Mtu mzuri sana. Ila hali na watu."

"Hali na watu kivipi?"

"Mama, nimekaa naye ukuta mmoja tangu wamehamia, sijawahi kuuona mkono wake kwenye sahani. Msibani anakuja, anachimba kaburi vizuri tu, chakula kikija hayupo. Unamtafuta, humwoni. Anajifungia mle na mota zake anakula majani machungu. Na samaki hagusi."

Modesta aliweka kijiko chini. "Si umesema Mjaluo?"

"Wa Shirati! Ndiyo maana nasema. Mimi simsemi vibaya lakini."

"Humsemi vibaya," Modesta alikubali, akamaliza wali wake kwa heshima, akapanda gari la kurudi.

Jibu la Usagara lilikuja kupitia kwa Kashindye, ambaye hakucheka alipolisema. Familia haijakataa. Lakini kabla ya kuzungumza habari ya mahari wala tarehe, baba yake mkubwa, mzee Shimba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, atakuja Jumamosi kula na baba wa binti. Sahani moja, mkono kwa mkono. Mtu mwenye jambo lake hali sahani moja na mtu anayemkusudia mabaya. Hiyo kwa wazee haihitaji utafiti. Fundi akila, mambo yaendelee. Asipokula, kijana atatafutiwa kwingine.

Favour alikwenda karakana mikono mitupu, na hiyo peke yake ilimfanya baba yake aache kuhesabu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Wanakuja Jumamosi."

"Waje."

"Mzee wao anataka mle pamoja. Sahani moja."

Orwa alitazama mota iliyokuwa wazi mbele yake. "Mimi nimeshakula na watu, kabla hujazaliwa. Sikuona faida."

"Sijakuuliza faida. Baba, kule wanasema wewe ni mchawi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema wewe ni Baba. Lakini siolewi na mimi mwenyewe, naolewa na wao. Sijawahi kukuomba kitu. Siku moja tu. Kula wanavyodhani unakula."

Orwa alichukua muda. Alikuwa mtu wa kuchukua muda hata kwenye "ndiyo", jambo ambalo wengi walilichukulia kuwa dharau.

"Kashindye anakufaa?"

"Ananifaa."

"Basi nitakula."

Habari zilivuka ukuta kabla ya jua kuchwa, na Odeta, ambaye sasa alikuwa ameelewa ule wali wa Modesta ulikuwa wali wa nini, alikuja kwa Janet akiwa ameshika kichwa.

"Mama Favour, ni mdomo wangu. Niache nipike mimi. Nimeharibu kwa mdomo, nitatengeneza kwa chungu."

"Utapika nini?"

"Sato. Mkubwa, mzima, na kichwa chake."

"Baba Favour hali samaki, unajua. Si ndicho ulichomwambia yule mama?"

"Ndiyo maana ale! Sikiliza. Mzee atoke Usagara na maneno ya watu kichwani, amkute Mjaluo anatafuna majani kama mbuzi, atasema nini? Mwache amwone Mjaluo. Mjaluo mzima, anafyonza kichwa. Roho yake itatulia. Na yeye mwenyewe nitamsongea ugali wa udaga, mlima! Msukuma ukimpa ugali wa kutosha anasamehe hata mauaji."

Janet alikuwa amekaa juu ya robota la mitumba, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Alifikiria kuuliza kama kuna mtu anayejua mzee Shimba anakula nini hasa. Swali lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini alikuwa amesimama tangu asubuhi, na tena, Msukuma anakula nini? Akasema, "Haya."

Jumamosi mzee Shimba alifika na Kashindye na Modesta katika gari la kukodi. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, kofia mkononi, na sifa zake zilikuwa zimemtangulia: ujanani, kwenye kulima kwa zamu za vijana, alikuwa akiwashinda wote kwa jembe na kisha akawashinda tena kwa ugali. Watu wa Usagara walikuwa bado wanalisimulia hilo. Mtu akishapata sifa ya namna hiyo haruhusiwi kuzeeka nayo.

Wanawake walikaa uani. Kashindye, kwa kuwa mkwe hali kwa wakwe, alipewa soda akakaa nayo chini ya dirisha, akimtazama Favour naye akimtazama. Sebuleni waliachwa wazee wawili. Favour aliwanawisha, akatoka. Odeta akaingia na sinia, akalitua, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akabaki hapo na taulo begani kama mtu anayengoja vyombo.

Ugali wa udaga ulikuwa wa rangi ya udongo, umekaa juu ya sinia kama kilima chenye mawe chini yake. Ndicho chakula kizito kuliko vyote vinavyotokana na muhogo, mchachu kidogo, na hukaa tumboni kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Mbele yake sato alikuwa kwenye bakuli lake, kichwa kimeelekezwa kwa Orwa.

"Karibu, mzee," Orwa alisema.

"Asante. Anza wewe."

"Mgeni ndiye huanza."

"Mwenye nyumba aanze. Mgeni ajue chakula ni chema."

Hakuna aliyekuwa akitania. Uani mazungumzo yalikatika. Orwa alimega ugali, akashika samaki. Nyama iliachia mfupa kwa wepesi, kama ilivyokuwa ikiachia zamani, na mkono wake ukajua njia peke yake: nyuma ya pezi, kufuata uti, mpaka mkiani. Nusura aukate mnofu mzima autupe kushoto, ulikokuwa mkanda. Akaweka kinywani. Hakutafuna. Alimeza kama anavyomeza mtu aliyeanguka ziwani.

"Mtamu," akasema.

Mzee Shimba alimtazama. Kisha naye akanyoosha mkono, akamega tonge, dogo, la kuweza kupotea katikati ya vidole.

"Mzee wangu!" Odeta aliita kutoka mlangoni. "Hilo tonge au kidonge? Ngosha gani, dume la Kisukuma, anakula kama anameza Panadol?"

Uani wakacheka. Modesta alicheka kuliko wote, kwa kuwa alikuwa shemeji yake na alikuwa na ruhusa ya kumtania. "Shemeji, usituaibishe! Waonyeshe Usagara!"

Mzee alirudisha tonge, akamega lingine la ukubwa wa ngumi, akalichovya, akalitia mdomoni. Shingo yake ilifanya kazi. Juu ya mdomo wake palitokea jasho.

"Hapo sawa," alisema Odeta.

Basi wakala. Wanaume wawili ambao hawakuwa wanafahamiana walikula sahani moja, mkono kwa mkono, kama ilivyotakiwa. Orwa, kwa kuwa alitaka kuwa mkarimu na kwa kuwa alitaka bakuli lipungue, alimsogezea mzee upande wenye ugali mwingi. Mzee Shimba, kwa ukarimu uleule, alitoa kichwa cha sato kwa mikono miwili akakiweka mbele ya Orwa. "Hiki ni chako. Mimi najua desturi za watu." Orwa alisema asante. Alikila. Alifyonza panapofyonzwa. Machozi yalimtoka, na Odeta akawaambia wanawake kwamba fundi amekumbuka kwao.

Walipofika mahali ambapo hata macho ya mlangoni yalichoka kutazama, mzee akauliza, kwa sauti ya chini, "Wanasema huli na watu. Kwa nini?"

Orwa alikuwa ameandaa majibu, lakini samaki alikuwa ameyafunika yote. Akajibu lililobaki.

"Kazi yangu ni ya kuhesabu. Mtu akinisemesha naanza upya."

"Na ukishafunga kazi?"

"Nimechoka."

Mzee Shimba aliangalia kilima cha udaga, ambacho bado kilikuwa kilima.

"Kuchoka kupo," akasema.

Wakamega tena.

Vyombo vilipotolewa, mzee alisimama polepole, akishika ukingo wa kiti, akatamka mbele ya wote kwamba amekula na mtu, na kwamba mtu ni mtu. Modesta alipiga vigelegele. Favour aliingia jikoni akalia ndani ya kanga. Kashindye alicheka, safari hii baada ya kuelewa. Orwa aliomba radhi, akasema kuna mota ya bucha inamngoja, akaingia karakana akafunga mlango, na yaliyompata humo ndani ndoo ilikuwapo kuyapokea. Gari la wageni, kwa mujibu wa dereva, lilisimama kabla ya kufika Kisesa, mzee akashuka akasema anataka kutazama mtama wa watu. Aliutazama akiwa ameinama, kwa muda.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno. Favour akahamia Usagara.

Huku Igoma mambo yakabadilika, yaani yakawa mazuri. Kwenye kundi mtu aliandika, "Tumpongeze Baba Favour, kumbe alikuwa anatuficha tu," na yale macho ya pembeni yakageuka kuwa mikono inayopiga makofi. Ule utafiti wa vyakula vichungu ukafutwa na msimamizi kwa sababu za kimaadili. Watu walisema Mjaluo ni Mjaluo tu, hata akikataa, samaki atamrudisha nyumbani. Walifarijika. Mtu asiyeeleweka ni mzigo kwa mtaa mzima, na mtaa ulikuwa umeutua.

Kwa hiyo wakaanza kumletea samaki. Waliotoka ziwani walimletea. Wenye mota waliongeza sato juu ya malipo. Msibani alishikwa mkono kabla hajapotea, akakalishwa, akawekewa kichwa. Kutoka Usagara, kila gari lilipokuwa na mtu wa ukoo, mzee Shimba alimtumia mkwe wake kifurushi cha samaki waliokaushwa, na Orwa, ambaye hakutaka kushindwa kwa adabu, alirudisha debe la unga wa udaga. Janet alijaribu kugawa samaki kwa majirani, lakini majirani walimrudishia, wakisema haiwezekani wamnyang'anye fundi chakula chake.

Chakula cha mchana sasa alikileta Odeta. Hakuweka bakuli akaondoka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akamtazama mpaka mwisho, akimpa habari za mtaa, na wengine waliokuwa na nafasi walikuja kukaa pia, maana karakana ya mtu mchangamfu haikosi watu. Mota zilichelewa. Mota moja, ya mashine ya kusaga ya Igoma, ilirudi mara mbili, mizunguko imekosewa, na mwenyewe hakulalamika. Alisema afadhali fundi mwenye utu.

Favour alipiga simu siku moja katikati ya hayo. Orwa aliweka kitambaa cha mafuta juu ya benchi, akapokea.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mnaendeleaje huko?"

"Tunaendelea. Baba, kuna jambo. Huyu mzee hali ugali."

"Mzee yupi?"

"Mzee Shimba. Nimemkuta nyuma ya zizi anakunywa uji na maziwa, peke yake, amejificha. Ana vidonda vya tumbo, vya siku nyingi. Baada ya ile Jumamosi alilala kitandani karibu wiki, wakasema ni malaria. Ule udaga unaomletea anausogeza kwa mbuzi. Ameniapisha nisiseme."

Orwa alikunja kile kitambaa cha mafuta.

"Basi usiseme," alisema.

"Nawe uache kumtumia."

"Nikiacha atadhani nimekasirika. Wewe mpikie uji. Muweke na uondoke, usikae."

"Ndivyo ninavyofanya." Kisha akauliza, kama wanavyouliza mabinti wote walioolewa mbali, "Umekula?"

Orwa alitazama bakuli. Kichwa cha sato kilikuwa kimemwelekea. Nyuma ya bakuli alikuwa Odeta, nyuma ya Odeta mwenye mashine ya kusaga, na mlangoni watu wawili asiowajua majina, wote wakiipungia simu ile mikono kumsalimia Favour.

"Naendelea kula."

"Na nani, Baba?"

"Na watu," akasema, na kwa bahati mbaya ilikuwa kweli.